Nani Aliyelikataa Jina Hili? Fomu za Wavuti kwa Anayeanza

Katika steshenari moja karibu na stendi ya mabasi mjini Shinyanga, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi akijaziwa fomu ya maombi na kijana mwenye duka. Ndivyo fomu nyingi za mtandaoni zinavyojazwa kwetu: mwenye shida hutoa vitambulisho vyake, na mwenye kompyuta huandika. Jina la mama lilianza na Ng'w, kama yalivyo majina mengi ya Wasukuma. Kijana aliliandika sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho, akabonyeza kitufe cha kuendelea, na chini ya kisanduku yakatokea maandishi mekundu: "Jina si sahihi."

Akaifuta ritifaa, ile alama ya ' iliyomo katika Ng'w. Maandishi mekundu yakaondoka.

Mama aliuliza kama jina hilo litafanana na la kwenye kitambulisho, na kijana akamjibu, "Mfumo ndivyo unavyotaka, mama." Mwanafunzi wangu, ambaye tulikuwa tumekwenda naye kuchapisha karatasi za somo, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni nani aliyelikataa jina? Ni kompyuta hii ya hapa, au ni ile ya huko ofisini kwao?"

Swali hilo limekaa nami kwa wiki kadhaa. Limenisumbua kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo mtu anayejifunza kutengeneza fomu za wavuti angepaswa kuweza kulijibu, na bado masomo mengi ya mwanzo hayamfikishi hapo. Yanamfundisha kuchora visanduku, kuvipanga na kuvipaka rangi, kisha yanamwacha mlangoni, pale kitufe cha Tuma kinapobonyezwa.

## Kinachoondoka kwenye ukurasa

Tuanze na fomu ndogo kabisa.

```
<form action="/pokea" method="post">
  <label for="jina">Jina kamili</label>
  <input id="jina" name="jina_kamili">
  <label for="simu">Namba ya simu</label>
  <input id="simu" name="simu">
  <button>Tuma</button>
</form>
```

Anayeanza hutazama visanduku viwili na kitufe, akadhani kwamba ukurasa wote husafiri kwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya upande wa pili inayopokea fomu. Hausafiri. Mtu akijaza jina Ng'wandu na namba ya simu, kisha akabonyeza Tuma, kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za wavuti, huokota thamani zilizomo, huziunganisha na majina ya visanduku vyake, na kutuma mstari mmoja tu wa maandishi:

```
jina_kamili=Ng%27wandu&simu=0700000000
```

Hayo ndiyo yote yanayopokelewa kutoka kwenye fomu. Rangi, mpangilio na maelezo mazuri yaliyoandikwa juu ya kisanduku hubaki nyuma. Seva hupata jozi za jina na thamani, zikiunganishwa kwa alama ya sawasawa na kutenganishwa kwa alama ya &. Herufi zinazoweza kuleta mkanganyiko katika mstari huo hubadilishwa kwa muda: nafasi huwa alama ya kujumlisha, alama ya @ huwa %40, na ritifaa huwa %27. Seva inapousoma mstari, huzirudisha herufi hizo katika hali yake ya awali.

Utaratibu huu ni wa zamani. Fomu zimo katika maelezo rasmi ya HTML 2.0, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ya Novemba 1995, yaliyoandikwa na Tim Berners-Lee na Daniel Connolly, na mtu aliyezielewa jozi za wakati ule anazielewa za leo pia.

Hapa ndipo wanaoanza hukwama kwa mara ya kwanza. Kisanduku kisichokuwa na sifa ya name, kama name="simu" katika fomu ya hapo juu, hakitumwi, hata kama mtu amekijaza. Sifa ya id huitumia ukurasa wenyewe, kwa mfano kuunganisha kisanduku na maelezo yake ili anayetumia programu ya kusoma skrini asikie anachoulizwa. Name ndiyo inayosafiri. Nimewaona vijana wakihangaika na seva iliyo nzima kabisa, ilhali kilichokosekana ni neno moja ndani ya kisanduku.

Na kuna ukimya mwingine unaofaa kukumbukwa. Kisanduku cha tiki ambacho hakikutiwa tiki hakitumi "hapana". Hakitumi chochote. Kwa hiyo seva haiwezi kutofautisha mtu aliyekataa sharti na fomu isiyokuwa na swali hilo kabisa, isipokuwa mtengenezaji awe amelifikiria jambo hilo mapema.

## Bahasha na barua

Sifa ya method huamua mstari ule utabebwa vipi. Njia ya GET huuweka ndani ya anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza, ambako kila anayeitazama skrini anaweza kuusoma. Njia ya POST huuweka ndani ya mwili wa ombi. Ni tofauti ya kuandika habari zako juu ya bahasha na kuziandika kwenye barua iliyomo. Usipoandika method yoyote, kivinjari huchagua GET.

Kwa fomu ya kutafuta bidhaa au ratiba ya mabasi, GET ndiyo inayofaa, kwa sababu unaweza kuihifadhi anwani ile na kumtumia mwenzako akaona matokeo yale yale. Kwa nywila, namba ya kitambulisho au habari za afya, GET ni hatari. Wengi hujibu kwamba tovuti inatumia HTTPS, na ni kweli kwamba HTTPS huficha mawasiliano njiani, yakiwemo yaliyo ndani ya anwani; lakini anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Katika steshenari ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wa kila namna kutwa nzima, historia ya kivinjari ni daftari lililoachwa wazi mezani.

Mafunzo yaliyoandikwa kwa watu wenye kompyuta zao binafsi hulipitia jambo hili haraka. Sisi hatuna ruhusa ya kulipitia haraka.

## Nani aliyelikataa?

Nirudi kwenye swali la mwanafunzi, kwa maana fomu hukaguliwa mahali pawili, na mahali hapo pawili hapafanani hata kidogo.

Ukaguzi wa kwanza hufanyika ndani ya kivinjari, kabla ya chochote kuondoka. Tangu HTML5, iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuwa pendekezo rasmi mwaka 2014, mtengenezaji anaweza kuandika required ili kisanduku kisiachwe wazi, au pattern kuweka kanuni ya herufi zinazokubalika. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa kwa JavaScript, lugha ya programu inayotekelezwa ndani ya kivinjari, na mara nyingi bado inafanywa hivyo. Ukaguzi wa pili hufanyika kwenye seva, baada ya mstari kufika.

Pale dukani kulikuwa na dalili moja niliyoikumbuka baadaye. Ujumbe wa kuisha kwa kifurushi ulikuwa umeingia kwenye simu ya kijana, ile aliyoiunganisha na kompyuta, kabla hajaanza kuandika jina. Alipofika mwisho wa fomu na kubonyeza Tuma, kivinjari kilisema hakuna intaneti, ikabidi anunue kifurushi kingine. Maana yake ni kwamba maandishi mekundu yalitokea wakati hakuna njia yoyote ya kuifikia ofisi ile. Jina lilikataliwa na ukurasa uliokuwa umeshapakuliwa, kwa kanuni iliyoandikwa na mtu fulani na kupelekwa pamoja na ukurasa huo. Kanuni za aina hiyo mara nyingi huwa fupi namna hii:

```
pattern="[A-Za-z ]+"
```

Herufi kubwa, herufi ndogo, nafasi. Basi. Kwa kanuni hiyo Ng'wandu si jina, na hata jina la ukoo lililounganishwa kwa kistari si jina.

Nilipofika hapo nilidhani nimelimaliza swali. Lakini kila nilipojaribu kumweleza mwanafunzi wangu, niligundua kwamba jibu la "ni kompyuta ya hapa" linafungua swali gumu zaidi: kwa nini mtu aliyesomea kazi hii aandike kanuni ya kuikataa ritifaa, katika nchi ambayo ng' ni sauti ya kila siku?

## Hofu ya ritifaa

Kuna wanaofanya hivyo kwa kunakili tu mfano waliouona mahali, bila kufikiria. Lakini kuna wanaofanya kwa makusudi, nao wana hoja ambayo inastahili kusikilizwa.

Hifadhidata nyingi huulizwa kwa lugha ya SQL, na katika lugha hiyo maandishi huzungushiwa alama hiyo hiyo ya ritifaa. Programu ikilichukua jina la mwombaji na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri, hutokea hivi:

```
SELECT * FROM waombaji WHERE jina = 'Ng'wandu'
```

Hifadhidata huona kwamba maandishi yameishia kwenye Ng, kisha hukutana na mabaki isiyoyaelewa, na amri huvunjika. Hilo ni la bahati mbaya tu. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika ndani ya kisanduku cha jina ritifaa ikifuatwa na amri yake mwenyewe, na hifadhidata ikaitekeleza: ikamwonyesha majina ya watu wote, au ikayafuta. Hatari hii imeelezwa hadharani tangu 1998, na hadi leo ni miongoni mwa makosa ambayo kila anayeandika programu za wavuti huonywa kuyaepuka.

Kwa hiyo mtu huogopa, na kwa kuogopa huizuia alama yenyewe.

Tatizo ni kwamba kinga hiyo haimkingi yeyote. Ukaguzi wa kivinjari upo mikononi mwa anayejaza. Mtu yeyote anayebonyeza F12 na kufungua zana za wasanidi, sehemu ya kivinjari inayoonyesha msimbo wa ukurasa, anaweza kuifuta kanuni ya pattern kwa sekunde chache, au kubadili thamani ya kisanduku kilichofichwa, au kuacha fomu kabisa na kuandika ule mstari wa jozi kwa programu nyingine na kuutuma moja kwa moja kwenye seva. Seva haina namna ya kujua kama mstari ulitoka kwenye fomu nzuri yenye kanuni au kwa mtu aliyeuandika mwenyewe. Mwizi ataipita kanuni ile bila kuiona. Atakayezuiwa ni mama aliyeketi kwenye benchi na kitambulisho chake halali mkononi.

Nilipolitafakari hilo, mtazamo wangu wa somo zima ulibadilika.

Dawa ya kweli ipo kwenye seva, na ni ya miaka mingi. Programu huipelekea hifadhidata amri peke yake ikiwa na nafasi tupu, kisha hupeleka thamani kando:

```
SELECT * FROM waombaji WHERE jina = ?
```

Kwa njia hii thamani haisomwi kama sehemu ya amri hata iwe na ritifaa kumi. Lugha zote zinazotumika sana kwenye seva, kuanzia PHP hadi Python na Java, zina njia ya kufanya hivyo, na anayeanza anaweza kujifunza katika kipindi kimoja. Ukaguzi wa kivinjari nao una kazi yake nzuri: kumwonya mtu mapema kwamba ameruka kisanduku, ili asisubiri seva imjibu na kupoteza muda na data. Ni msaada kwa anayejaza. Ulinzi ni kazi ya seva.

## Ritifaa zaidi ya moja

Tuseme sasa mtengenezaji ameelewa, na ameiongeza ritifaa kwenye kanuni yake. Bado hajafika.

Baadhi ya simu, mtu anapoandika ritifaa iliyonyooka, huigeuza zenyewe kuwa iliyopinda. Kwa jicho la msomaji Ng'wandu na Ng’wandu ni jina moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti: ya kwanza husafiri kama %27, na ya pili kama %E2%80%99. Kanuni inayoijua ya kwanza huikataa ya pili, na anayejaza hawezi kuelewa kwa nini jina lililokubaliwa kwenye kompyuta ya duka linakataliwa kwenye simu ya mwanawe. Mahali ambapo zote mbili zinakubaliwa bila kushughulikiwa, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu mtu mmoja huandikwa mara mbili kama watu wawili, na anapotafutwa kwa jina anaonekana nusu.

Njia niliyoiona inafaa ni seva kuzipokea alama hizo zote, kisha kuzigeuza kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Ni mistari michache ya msimbo. Anayeiandika anatakiwa tu kuwa amewafikiria watu wenye majina hayo kabla hawajafika.

## Namba ambazo si namba

Namba ya simu ya Tanzania iliyoandikwa kwa mtindo wa nyumbani huanza na sifuri. Programu ikiigeuza kuwa namba ya hesabu, sifuri ya mbele hupotea, na ujumbe haumfikii mtu. Hilo wengi wanalijua. Lililonishangaza nilipolipigia hesabu ni Namba ya Utambulisho wa Taifa.

Namba hiyo, ambayo wengi huiita namba ya NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. JavaScript huishika namba nzima kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Mtu akiigeuza namba ya NIDA kuwa namba ya hesabu, tarakimu za mwisho hubadilika kimyakimya bila onyo lolote. Hata hifadhidata yenye nafasi kubwa ya namba nzima ya biti 64 isiyo na hasi huishia kwenye 18,446,744,073,709,551,615. Ukiisoma hiyo kana kwamba ni namba ya NIDA, mwaka wake wa kuzaliwa ni 1844. Kila aliyezaliwa baada ya hapo, yaani sisi sote, hatoshei.

Kwa hiyo namba ya kitambulisho, ya simu na ya akaunti ni maandishi yaliyoundwa kwa tarakimu. Hakuna anayezijumlisha. Maelezo rasmi ya HTML yenyewe yanaonya kwamba aina ya kisanduku iitwayo number haifai kwa vitu vya namna hiyo. Kinachofaa ni kisanduku cha kawaida cha maandishi chenye inputmode="numeric", ambacho huileta kibodi ya tarakimu kwenye simu bila kuigusa thamani, na kwa namba ya simu ipo aina ya tel.

## Namna ya kukataa

Fomu lazima wakati mwingine ikatae. Tarehe isiyokuwepo, kisanduku cha lazima kilichoachwa wazi, faili kubwa kupita kiasi: hayo yote yana haki ya kurudishwa. Ninachokijali ni namna ya kurudisha.

"Jina si sahihi" ni maneno mazito kumwambia mtu kuhusu jina lake. Hayamwelezi kilichokataliwa, wala hayamwonyeshi afanye nini, na yanaliweka kosa upande wake. "Mfumo huu haukubali alama ya ' kwa sasa" yangekuwa ya kweli zaidi, na pengine mtengenezaji angeyaandika mwenyewe angeona haya na kuirekebisha kanuni yake.

Jambo la pili ni kutomfutia mtu alichoandika. Seva ikikuta kosa moja ikarudisha fomu ikiwa tupu, mtu huanza upya visanduku vyote, na kwa anayelipia huduma ya kujaziwa hiyo ni gharama ya ziada. Seva imeshazipokea thamani zake, kwa hiyo inaweza kuzirudisha zikiwa ndani ya visanduku, isipokuwa nywila, na kuweka ujumbe wa kosa pembeni ya kisanduku kinachohusika.

La tatu linatokea baada ya kukubaliwa. Mtandao unapokuwa mzito, mtu hupakia upya ukurasa wa mwisho, na ikiwa ukurasa huo ni jibu la moja kwa moja la POST, kivinjari huuliza kama kitume tena habari zile zile. Wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa wanaogopa kupoteza ombi lao, na maombi huwa mawili au malipo huwa mawili. Seva iliyotengenezwa vizuri hupokea, huhifadhi, kisha humwelekeza mtu kwenye ukurasa mwingine wa GET wenye uthibitisho na namba ya kumbukumbu. Huo unaweza kupakiwa upya mara nyingi atakavyo bila madhara.

Darasani sasa tumegeuza mpangilio wa somo. Siku ya kwanza hatupaki rangi. Tunatengeneza fomu ile ndogo, tunafungua zana za wasanidi upande wa mawasiliano ya mtandao, tunabonyeza Tuma, na kila mmoja anausoma mstari ulioondoka kwa macho yake. Kisha kila mwanafunzi huleta majina kutoka kwenye ukoo wake: yenye ng', yenye kistari, ya mtu mwenye jina moja tu, ya bibi mwenye majina manne, na tunayajaza yote kwa kompyuta na kwa simu. Fomu ambayo seva yake imerudisha jina lolote likiwa limepungukiwa herufi hairuhusiwi kuendelea kwenye somo la rangi.